Tochi ya kwenye mkoba: mambo ya kuzingatia kabla ya kumnunulia binti

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na dakika ishirini baadaye giza limeshashika. Binti anayefunga duka saa moja, akagombania daladala, akashuka kituoni saa mbili, anabaki na kipande cha njia kutoka lami hadi nyumbani ambacho hakina taa ila za madirisha ya watu. Umeme ukikatika, hata hizo hazipo. Ndiyo maana naona tochi ndogo inastahili kukaa kwenye mkoba wake pamoja na funguo na nauli, iwe anaishi Mbagala, anasoma Dodoma au kapangiwa kufundisha shule ya kijijini huko Kibondo.

Kabla hujaenda dukani, ipitie njia yake kichwani. Kuna mtaro usiofunikwa? Kuna mbwa? Bodaboda wanapita bila taa? Wengi wetu tukisikia "tochi ya msichana" akili inakimbilia kwa kibaka, tunatafuta dude la kupofusha watu. Kibaka yupo, nitamfikia. Ila kazi ya tochi ya kila usiku ni kuonyesha mguu unakanyaga wapi, kumwonyesha dereva kwamba kuna mtu pembeni ya barabara, na kutafuta tundu la kufuli. Kwa kazi hizo lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 30 hadi 100 zinatosha kabisa.

Hata namna ya kuishika ina maana kuliko ukubwa wake. Akiishika chini, usawa wa kiuno au hata paja, kila jiwe na kila shimo litatupa kivuli na jicho litaona kina. Mwanga ukitoka usawa wa macho, kama ule wa tochi za kuvaa kichwani, vivuli vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe na njia yenye makorongo inaonekana tambarare. Kijijini jambo hili ni zito zaidi. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hutembea usiku, hupenda kutulia njiani, na akisikia hatua za mtu hakimbii. Hubaki palepale akitegemea rangi yake imfiche. Dawa ya kwanza ya kifutu ni mwanga unaomulika hatua mbili tatu mbele na viatu vya kufunika mguu. Tochi ya kumulika mita mia tatu haimsaidii chochote hapo.

Sasa mifuko. Wanaume wanaosifia tochi huwa wanadhani kila mtu amevaa jinzi. Gauni halina mfuko, sketi ya sare ina kijimfuko cha kuingiza vidole viwili, dera na baibui ndiyo kabisa. Kwa hiyo tochi itaishi mkobani, na mkobani itazama chini ya mwavuli, daftari, chombo cha chakula na pochi ya hela. Tochi inayotafutwa kwa dakika nzima gizani, huku kichwa kimeinama ndani ya mkoba, ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Amua mapema itakaa wapi. Ile ndogo ya betri moja ya AAA (ile betri nyembamba ya rimoti), nyembamba kama kidole na uzito wa gramu 20 hivi pamoja na betri yake, inakaa kwenye funguo bila kero. Ya betri ya AA inaweza kufungwa kwa kamba kwenye zipu ya mfuko wa pembeni wa mkoba, kipande cha kamba kikining'inia nje, akikivuta tochi inakuja. Akitaka kuivaa shingoni, kamba iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Kamba isiyokatika shingoni mwa mtu anayepita kwenye vurugu za kituo cha daladala siipendi hata kidogo. Na kama kuna gauni linashonwa, mwambie fundi atie mfuko wa pembeni wa kina cha kiganja. Haongezi gharama ya maana, na atakayelivaa atakushukuru kwa mambo mengi zaidi ya tochi.

Zile zinazotumia betri ya 18650 (upana milimita 18, urefu milimita 65) ni nzuri sana, zinawaka sana na kudumu, lakini pamoja na betri mara nyingi zinavuka gramu mia na zinakuwa ndefu kuliko kiganja. Wiki ya kwanza atabeba. Wiki ya tatu utaikuta juu ya kabati.

Nitaambiwa simu ina tochi. Ina, na kwa kutafuta tundu la kufuli inafaa. Njiani mwanga wake unatawanyika tu, haufiki mbali, na simu iliyowashwa mkononi kando ya barabara inawaita wale wanaopora kwa pikipiki. Tena chaji ile ile inayoliwa na taa ndiyo atakayoihitaji kupiga simu nyumbani au kumwita bodaboda anayemfahamu.

Ukifika dukani utakutana na namba, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Tangu mwaka 2009 kuna viwango vya Marekani vinavyojulikana kama FL1, ambavyo watengenezaji wengi wanaojiheshimu huvifuata, na utaviona kwenye boksi kwa vijialama: lumeni, mita, saa. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka. Mita ni umbali ambao mwanga umefifia hadi kuwa sawa na mbalamwezi, kwa hiyo tochi iliyoandikwa mita 100 usitarajie kumtambua mtu akiwa mita 100. Gawa kwa mbili, pengine kwa tatu. Saa ndiyo namba yenye ujanja zaidi. Inahesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ndogo iliyoandikwa lumeni 1,000 kwa saa mbili huenda ikatoa hizo 1,000 kwa dakika moja au mbili, ikapata moto, ikajishusha yenyewe hadi 300, ikaendelea hivyo hivyo. Hilo si kosa la tochi, maana chuma kidogo hakiwezi kubeba joto lote lile. Wewe angalia inatoa nini kwenye mwanga wa kati na inadumu nao muda gani, kwa sababu huko ndiko itakakotumika.

Boksi lisilo na alama hizo ila limeandikwa lumeni laki moja, liache. Hali kadhalika betri ya 18650 iliyoandikwa 9,900mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Betri nzuri za ukubwa huo kwa kawaida huishia kwenye 3,500 hivi na uzito wake ni kama gramu 45. Ukiipata nyepesi ajabu mkononi, ndani kuna kitu kingine. Zile tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma, zilizojaa Kariakoo, nazo zina kasoro mbili: ukivuta kupata mwanga wa mbali unabaki na kiduara au kipande cha mraba cha mwanga na pembeni giza tupu, na ile sehemu inayoteleza mara nyingi inapitisha maji. Anayetembea anahitaji mwanga wa pembeni, ndiko mtaro uliko.

Betri ndiyo inayoamua kama tochi itakuwa hai siku inapotakiwa. Mimi ningemchagulia binti inayotumia AA au AAA moja, kwa sababu ni nadra kukuta duka la mangi lisilouza betri hizo, hata kijijini. Akiwa nazo mbili za kuchaji, moja ndani na moja akiba, mwezi mzima unapita bila kununua. Za kawaida za kutupa zina tabia ya kuvuja zikisahauliwa, na majimaji yale yakishakula springi ya ndani tochi ni ya kutupwa. Kwa hiyo kama anatumia hizo, azikague kila mwezi na azitoe akijua hatatumia. Tahadhari moja: kuna betri iitwayo 14500 inayofanana na AA kwa umbo, lakini ina volti 3.7 wakati ya AA ina 1.5. Ikiingizwa kwenye tochi ambayo haikutengenezewa hiyo, inaweza kuiunguza palepale. Kijikaratasi cha ndani ya boksi husema inakubali ipi.

Kama unapendelea ya kuchaji kwa waya, iwe ya USB-C, waya uleule wa simu. Zipo zenye waya wake maalum wa sumaku, zinapendeza, ila waya ukipotea akiwa Tunduru utaupata wapi? Na hata yenye USB-C ijaribu kabla ya kulipa, kwa sababu tochi nyingi za bei nafuu hukubali waya wenye kichwa kipana upande wa chaja tu. Ukitumia waya wenye vichwa vidogo pande zote mbili haziingizi chaji kabisa, na mtu anadhani tochi imekufa. Uliza pia kama betri inatolewa. Isiyotolewa, betri ikichoka baada ya miaka michache umeishiwa tochi.

Swichi. Iwe moja, na ikibonyezwa iwake mwanga wa maana, sio mpaka upitie hatua nne. Tochi nyingi za kisasa zina mwanga mdogo, wa kati, mkubwa, wa kuwakawaka, wa SOS (ishara ya kuomba msaada), na nyingine zinaanza na huo wa kuwakawaka kwa sababu ndio ulioachwa mwisho. Binti anayetafuta ngazi za hosteli wakati umeme umekatika hataki disko. Ile ya kuzungusha kichwa ili iwake ni imara na nyepesi, ila inahitaji mikono miwili. Akiwa amebeba mtoto au mzigo hataiweza. Angalia pia namna ya kuifunga isijiwashe mkobani. Kwa nyingi inatosha kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Yenye nguvu ikijiwasha ndani ya mkoba uliojaa inapata moto wa kuunguza kitambaa, mbali na kumaliza betri.

Haya, kibaka. Mwanga wa lumeni 200 au 300 ukimpiga mtu usoni gizani, akiwa karibu, unamharibia macho kwa muda, na muda huo ni wa kuondoka na kupiga kelele. Hiyo ndiyo faida yake yote. Penye taa za barabarani haufanyi kitu, na mtu mwenye nia haondolewi na mwanga. Tochi zenye meno ya chuma mbele sizishauri: zinatoboa mkoba na walinzi wa kwenye majengo na viwanja vya ndege huzitilia shaka. Zile za shoti ya umeme ndiyo kabisa, kwa sababu akinyang'anywa inageuziwa kwake. Faida kubwa zaidi ya tochi kwa usalama ni ya mapema: kumulika kona kabla ya kuifikia, kuona kwamba yule aliyesimama chini ya mwembe ni jirani au si jirani, na kuchagua njia nyingine angali mbali. Ila asimmulike dereva wa bodaboda machoni. Amulike miguu yake mwenyewe au kanga aliyovaa, dereva atamwona vizuri na hatampofusha akamgonga.

Rangi ya tochi achague mwenyewe. Wauzaji wengine hupaka tochi ileile rangi ya waridi, wakaiita ya kike, bei ikapanda. Ukweli ni kwamba rangi ya kung'aa inasaidia kuipata mkobani kuliko nyeusi, basi hata njano ni sawa. Mwanga wenyewe, kama kuna uchaguzi, usiwe wa bluu sana. Wenye umanjano kidogo, ulioandikwa 4000K au 5000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), unatofautisha vizuri zaidi udongo, majani na damu kuliko wa 6500K. Maji: IPX4 inavumilia mvua, IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Masika ya Dar yanataka angalau hiyo ya kwanza. Na akipanda ndege, betri za akiba za lithiamu, kama ile ya 18650, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, haziruhusiwi kwenye begi la chini.

Ukishainunua, usimpe ikiwa ndani ya boksi na kumwachia. Ichaji, ifunge kamba, iweke mahali pake mkobani, halafu usiku zima taa za nyumbani na umwambie aitoe na kuiwasha kwa mkono wa kushoto, mkoba ukiwa begani na mkono wa kulia ukiwa na mzigo. Akihangaika kutafuta swichi, tafuteni mahali pengine pa kuiweka au irudishe dukani ukabadilishe nyingine. Kwa hiyo risiti usiitupe.