Kulea watoto mchana nyumbani kwako: nilivyoanza Kibirizi na ninavyoendesha hadi leo

Wifi yangu wa Ujiji amefungua kituo mwezi uliopita, na wiki mbili nilishinda kwake kumwonyesha kazi. Maswali aliyoniuliza ndiyo yamenifanya niandike. Mimi nalea watoto nyumbani, Kigoma, juu kidogo ya mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi ya Ziwa Tanganyika inapofikia, huu mwaka wa sita. Wengi ni watoto wa akina mama wanaonunua na kuanika dagaa. Kama wewe unaishi karibu na watu wa ofisini, mambo mengine yatabadilika, hasa saa za kufungua.

Hatua ya 1: Karatasi

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda kwa mtendaji, halafu kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kwetu ni Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe. Sebule yako ikishapokea watoto wa watu kwa malipo, hicho ni kituo, hata kama hujatundika kibao. Nenda kabla hujanunua mkeka hata mmoja.

Hatua ya 2: Nyumba

Geti linalofungwa, choo chenye mfuniko, maji ya kunywa yaliyochemshwa kwenye ndoo ya bomba. Hayo unayajua.

Angalia vitu viwili ambavyo nyumba za huku zinavyo na watu wamevizoea. Cha kwanza ni betri za taa za uvuvi. Kama mwenye nyumba au mpangaji mwenzako anazichaji koridoni, zihame, maana ile tindikali inaunguza ngozi na macho. Cha pili ni mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya soda ina nini. Akishayanywa usimtapishe wala usimpe maziwa, kwa sababu yakipanda na kuingia kwenye mapafu ndipo yanapomwumiza zaidi. Mbebe, kimbia hospitali.

Nunua mikeka ya plastiki. Kapeti inakunywa mkojo, na jua la wiki nzima haliitoi harufu. Vyandarua tundika hata kama unalea mchana tu: watoto wangu wanaletwa saa 11 alfajiri wakiwa bado na usingizi, na mbu wa malaria saa hiyo hajaenda kulala.

Hatua ya 3: Uji

Sipiki uji wa unga wenye vitu kumi na viwili. Huo unga wa mchanganyiko unaouzwa kila kona mara nyingi una soya mbichi, na soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri inazuia tumbo lisisage protini. Karanga zilizowekwa na unyevu nazo zinaota sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na ukishasaga huioni. Mimi natumia mahindi na ulezi, basi. Mchana ni ugali au wali na dagaa waliosagwa, pamoja na mifupa yao, maana humo ndimo kalisi ilimo. Nunua dagaa walioanikwa kwenye kichanja. Wa mchangani ni wa bei rahisi, lakini utaosha mara tano na bado mtoto atatafuna mchanga.

Mawese nayaweka mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kijiko kimoja kwa sahani. Ule wekundu ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Kuna wanaoyachemsha mpaka yawe meupe ndipo wayaone yameiva. Wameshaua walichokilipia.

Karanga nzima hazipiti mlangoni kwangu, wala pipi za kumumunya.

Hatua ya 4: Malipo

Usitoze kwa mwezi. Nilijaribu miezi mitatu nikaishia kugombana na watu ninaowapenda. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika kama wiki hivi, na mama hana samaki wa kuanika wala sababu ya kukuletea mtoto. Ukimdai mwezi mzima unamdai siku ambazo hakuingiza kitu.

Natoza kwa siku, shilingi 1,500, inalipwa wakati wa kumchukua mtoto. Asiye na pesa analeta dagaa, na mimi napima kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, mbele yake. Kwenye ukuta nina kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi unapokaribia tarehe 14 najua watoto watapungua, kwa hiyo sinunui unga mwingi, na hizo ndizo siku za kufua vyandarua na kuziba matundu ya geti. Wakristo wenzangu wananicheka, lakini hakuna kalenda nyingine inayokuonyesha mwezi kwa kutupa jicho tu.

Siku za giza, weka akiba. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, nami nikashuka kutoka watoto 14 hadi 3. Hao watatu walikuwa wa mwalimu na muuguzi. Tangu hapo kila msimu najitahidi kupata angalau familia nne zisizoishi kwa ziwa.

Hatua ya 5: Nani anamchukua mtoto

Hapa vumilia, nitasema mengi.

Kwa Waha, pacha wa kwanza anaitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Kituo chenye jozi mbili za mapacha kina Bukuru wawili na Mama Bukuru wawili. Mwaka wangu wa pili ndivyo ilivyokuwa, na kwenye daftari nilikuwa nimeandika hivyohivyo tu, Mama Bukuru na Mama Bukuru, kwa kuwa mimi nilikuwa nawajua.

Siku moja saa 8 mchana niko nyuma nafua. Akaja binti wa kazi, ameletwa kutoka Kasulu juzi yake, akasema ametumwa kumchukua Bukuru. Butoyi wao alikuwa na homa, alibaki kwao. Msaidizi wangu hakuuliza Bukuru yupi. Alimwinua aliyelala karibu na mlango, akamfunga binti mgongoni kwa kitenge, uso umefunikwa usipigwe na jua, wakaondoka. Binti alikuwa hajakaa na mtoto wa watu hata siku mbili. Angemtambuaje?

Saa 9 mama wa yule mtoto akafika kuchukua wawili, akakuta Butoyi peke yake. Mama wa pili simu yake imezimwa, yuko mwaloni mikono imejaa maji ya dagaa. Hatukujua anakaa wapi; mmoja alisema Mwanga, mwingine Gungu. Tulitembea kwa saa tatu. Mtoto tulimkuta Katonga, kwa bibi wa wale mapacha wengine, anakula ugali kwa mgebuka na mashavu yanang'aa. Mama yake hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kizingiti akakaa kimya, na mimi kile kimya bado nakisikia.

Sasa nafanya hivi. Kwenye kaunta buku kila mtoto ana ukurasa wake: jina la kwenye kadi ya kliniki, jina analoitwa nyumbani, jina la mama mwenyewe (si Mama Fulani), nyumba iko wapi kwa kutaja duka au msikiti wa karibu, na watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua. Wa tatu akitaka kuongezwa, mama aje mwenyewe.

Halafu kipande cha kitenge. Nakata kipande kimoja katikati, nusu nashonea mfuko wa mtoto, nusu anaondoka nayo mama. Anayekuja kuchukua analeta nusu yake, tunalinganisha maua. Ukichukua kitenge chenye maua makubwa, hakuna vipande viwili vinavyokatika sawa. Kabla ya hapo nilijaribu neno la siri. Siku ya pili watoto wote walikuwa wanaliimba uani.

Kuna mambo ya kuangalia. Usimfunge mtoto kitambaa shingoni, hata akilia anakitaka. Fua kitenge kwanza, kisije kuchuja rangi kwenye nguo. Mama akipoteza nusu yake, na watapoteza, namkatia kingine na cha zamani nakichoma, hata kama ni mama niliyesoma naye. Baba akija bila kipande, anakaribishwa kiti na maji, tunampigia mama. Mama asipopokea, tunasubiri pamoja. Wawili wameachana na kila mmoja ananiambia nisimpe mwenzake? Mimi si hakimu. Nawaelekeza kwa Afisa Ustawi wa Jamii na nafuata kitakachoandikwa huko. Bodaboda hakabidhiwi mtoto, hata akiwa shemeji yangu. Mtoto hampokei mtoto: kaka wa miaka kumi anaweza kusindikiza, kukabidhiwa hapana. Aliyelewa namwambia mtoto amelala, naita jirani.

Na anayekabidhi ni mtu mmoja tu kwa siku. Siku nyingi ni mimi. Nikienda sokoni, msaidizi anakabidhi na hafanyi kingine, uji uungue.

Kuna walionishauri nitumie kundi la WhatsApp. Mama yuko mwaloni, simu ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni kiunoni. Ataisoma saa ngapi?

Hatua ya 6: Ugonjwa

Siku ya kwanza tazama kadi ya kliniki: chanjo ya surua, dozi ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18. Mwenye homa anarudi na mama yake alfajiri ileile, aende kupimwa malaria. Wa kuharisha nampa maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, yaliyobaki namwaga baada ya saa 24. Naita mama.

Hatua ya 7: Msaidizi

Tafuta mwanamke mwenye subira, anayeamka mapema. Wangu ni yuleyule aliyemtoa Bukuru. Sikumfukuza, na hakuna mtu Kibirizi anayelinganisha maua ya kitenge kwa makini kama yeye. Mlipe kwa wiki, na umlipe hata mbalamwezi ikiwaka. Usipomlipa, giza likirudi utamkuta mwaloni anaanika dagaa wa mtu.