Anatomia, kemia, maikrobiolojia: ipi itakutoa jasho shule ya uuguzi?

Ukijiunga na uuguzi Uganda, uwe umetoka Senior 4 au Senior 6 (mwaka wa nne au wa sita wa sekondari), usiyagawie masomo ya sayansi muda sawa.

Anatomia (maumbile ya mwili) na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) ndiyo mzigo mkubwa, kwa sababu ya wingi wake. Majina ya mifupa yanakaririka, fiziolojia haikaririki. Jipime hivi: funga daftari, chora njia ya damu kutoka vena kava (mshipa unaoingiza damu moyoni) hadi aota (ateri kuu inayotoka moyoni), ukitaja kila chumba cha moyo na kila vali. Aliyekariri kwamba kila ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi atakwama kwenye ateri ya mapafu, inayobeba damu yenye oksijeni kidogo.

Kemia inaogopwa kupita kiasi. Kinachokufuata hadi wodini ni hesabu. Dekstrozi 5% (maji ya sukari ya dripu) ni gramu 5 katika kila ml 100, kwa hiyo chupa ya ml 500 ina gramu 25. Dripu ya ml 500 kwa saa 4, seti (mpira wa dripu) ikitoa matone 20 kwa ml: 500 × 20 ÷ 240, yaani matone 42 hivi kwa dakika. Wanaokosea hugawa kwa 4, wakasahau kugeuza saa kuwa dakika.

Fizikia? Shinikizo na vimiminika vinatosha kuanzia.

Maikrobiolojia ni rahisi kusoma, ngumu kwenye meza ya maabara. Katika upakaji rangi wa Gram (njia ya kutofautisha bakteria: chanya hubaki zambarau, hasi huwa waridi), alkoholi ya kuoshea rangi ikikaa muda mrefu mno, bakteria wa Gram chanya hupoteza zambarau na kuonekana waridi, nawe utaandika Gram hasi.