Kuandaa jioni ya okestra Kigoma, bila okestra

Kwanza tarehe. Hapa Kibirizi nusu ya besi za kwaya yangu ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Kwa hiyo weka siku mwezi ukiwa mpevu. Mitumbwi ikilala, watu watakuja.

Okestra hatuna, tunasikiliza rekodi. Zipakue mapema kwa bando la usiku, uzitie kwenye flashi. Spika nilikodi kwa fundi wa muziki wa harusi, naye akafungulia besi kama alivyozoea. Fidla zote zikamezwa na ngurumo. Mwambie apunguze, halafu nenda ukasimame nyuma kabisa usikilize mwenyewe.

Kazi yenyewe iko kwenye mpangilio. Mara ya kwanza nilitanguliza Wazungu wote, watunzi weusi nikawaweka mwisho, na katikati nikahutubia dakika 20 juu ya utumwa. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, muziki saa ngapi?" Zamu ya Florence Price, mtunzi mweusi wa Marekani, ilipofika tulikuwa tumebaki sita, mke wangu akiwamo.

Siku hizi napanga wawiliwawili, wale ambao kweli wana uhusiano. Mtunzi Joseph Bologne, mzaliwa wa Guadeloupe huko Karibi, mama yake mtumwa, aliongoza okestra ya Paris iliyoagiza simfoni sita, yaani tungo ndefu za okestra, kwa Haydn, mtunzi wa Austria. Basi wakae jirani. Dvořák naye, mtunzi Mcheki, alipokuwa New York, aliimbiwa nyimbo za watumwa na mwanafunzi mweusi, Harry Burleigh. Piga ile sehemu ya taratibu ya simfoni yake ya 9, ya mwaka 1893. Kisha, bila kusema neno, weka sehemu ya tatu ya simfoni ya kwanza ya Price, iliyopigwa Chicago mwaka 1933. Ni juba, ngoma ya watumwa wa Marekani iliyochezwa kwa kupiga makofi, mapaja na vifua. Dakika nne hivi tu. Simfoni nzima ni kama dakika 40, na mbu wa huku hawana subira.

Jina litaje baadaye. Safari iliyopita dada mmoja wa alto alishaanza kujipiga paja taratibu, kanga imemdondoka begani, kabla sijasema mtunzi ni nani. Nilipowaambia ni mama mweusi, na kwamba makaratasi yake mengi yaliokotwa mwaka 2009 kwenye nyumba iliyotelekezwa huko Illinois, mzee yuleyule akasema, "Rudia hiyo." Tukairudia mara tatu. Kwa hiyo kwenye ratiba yako acha dakika 15 tupu.