Kuanguka uzeeni: namna ya kujikinga, na ukishaanguka unainukaje

Mama yangu alianguka saa tisa usiku akienda kukojoa. Hakukuwa na maji chini, hakuteleza wala nini, mkojo ulimbana akaamka fasta, akapiga hatua mbili gizani, basi. Asubuhi kila anayekuja kumpa pole anasema ndo uzee huo. Sawa, lakini mbona juzi yake alikuwa mzee vilevile na hakuanguka? Tulipokaa tukahesabu tukakuta dawa ya presha alikuwa ameongezewa wiki ileile, swichi ya taa iko mbali na kitanda, ndala zimelegea, na miguu yenyewe ilikuwa imeshinda kwenye kiti wiki kadhaa. Mara nyingi ndo inavyokuwa, vitu vidogo vinakutana usiku mmoja, na ukitoa viwili tu havikutani.

Na msichukulie poa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoongoza kufa ni wenye zaidi ya miaka 60.

Tuanze na kitandani maana hapo ndo pananiuma. Ukiwa umelala halafu ukasimama ghafla damu inashuka miguuni, kijana mishipa yake inabana haraka wala hajui kama kuna kitu kimetokea, mzee inachelewa, presha inadondoka, macho yanaingia giza sekunde chache na hizo zinatosha kumwangusha. Kwa hiyo: kabla hujainuka vuta vidole vya miguu juu na chini kama mara kumi, kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili nyayo zote zikiwa zimekanyaga chini (kama hazifiki, kitanda ni kirefu, kipunguzeni), simama umeshika kitu, tulia kidogo, ndo uende. Taa au tochi iwe mahali mkono unafika ukiwa bado umelala. Na mkojo ukiwa unabana kila usiku, kuweka ndoo ya kukojolea pembeni ya kitanda si aibu jamani, aibu ni ya nani chumbani kwako?

Kama kuna mashine ya presha nyumbani, pima mzee akiwa amelala kama dakika tano, kisha pima tena akishasimama dakika moja na dakika tatu. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Ila usimwachishe dawa wewe mwenyewe! Kusanya dawa zote kwenye mfuko mmoja, za presha, za kukojosha, za usingizi, za mafua zinazoleta usingizi, hata zile alizopewa na jirani, uende nazo, uulize ipi inaweza kumwangusha. Macho nayo yapimwe.

Nyumba sitaongea sana maana kila mtu anajua: kapeti linalojikunja litoke, waya zisikatize njiani, bafuni kuwe na chuma cha kushika kilichofungwa ukutani kwa skrubu (ile ya kuning'inizia taulo haibebi mtu), na kiti cha kuogea. Viatu viwe vinashika kisigino. Soksi tupu kwenye sakafu laini ni kama barafu.

Miguu sasa. Watu wanadhani kutembea kunatosha, hakutoshi, lazima nguvu za mapaja na balansi vifanyiwe kazi vyenyewe. Zoezi ninalolipenda halina gharama: kiti kigumu, mgongo wa kiti uwe ukutani kisiteleze, kaa mbele kidogo, nyayo zirudi nyuma ya magoti, inama hadi pua ipite vidole vya miguu, simama, halafu ukae polepole bila kujitupa. Anza na mara tano, ongeza taratibu. Ukiweza bila kushika kwa mikono, mapaja bado yapo. La pili, simama umeshika meza nzito, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, sekunde kumi, badilisha. Unataka kujipima? Inuka kwenye kiti, tembea mita 3 mwendo wako wa kawaida, geuka, rudi ukae. Ikifika sekunde 12 au zaidi, tafuta mtaalamu wa viungo mapema.

Fimbo nayo wengi wanaishika mkono usio wake. Goti la kulia likiwa bovu, fimbo inashikwa mkono wa kushoto, ndo mzigo unagawanyika. Urefu wake: mzee asimame na viatu, mikono ining'inie, mshikio ufike pale kiganja kinapokunjika. Mpira wa chini ukiisha badilisha. Ngazi unapanda na mguu mzima kwanza, unashuka na mgonjwa kwanza.

Na akianguka? Kwanza wale mnaokimbilia kumvuta kwapani, acheni. Mwache alale, apumue, aulizwe panauma wapi. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake, umegeukia nje, au nyonga inauma hawezi kuukanyagia, usimsogeze, mfunike ita msaada. Kama hakuna maumivu makali: ajigeuze ubavu, ajisukume kwa mikono hadi akae kwa magoti na viganja kama mtoto anayetambaa, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu ukanyage mbele, asukume, azungushe makalio akae. Apumzike hapo, asisimame bado. Hili lifanyieni mazoezi siku njema akiwa mzima, mtu yupo pembeni. Anayeishi peke yake simu ikae mfukoni, si mezani, na akishindwa kuinuka ajivutie nguo au blanketi, achezeshe miguu na kubadili ubavu, kwa sababu kulala sakafuni saa nyingi kunaharibu misuli mpaka figo zinaumia.

Kichwa kikigonga, na hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hospitali hata kama anacheka. Damu inaweza kuvilia taratibu, wiki mbili tatu baadaye ndo unaona anachanganya maneno, analala mno, au mguu mmoja unaburuta.

Kilichotusumbua sisi kuliko hata jeraha ni woga. Mama alikataa kutembea, na sisi kwa upendo wetu tukawa tunamwambia kaa hapohapo tutakuletea, mwezi mmoja mapaja yamekwisha. Siku hizi akitaka maji namwambia twende wote jikoni. Anatangulia na fimbo yake, mimi niko nyuma kidogo upande wa mguu mbovu, simshiki, na katikati ya njia tumeweka kiti. Wiki ya kwanza alikuwa anakikalia kila safari, sasa hivi anakigonga tu na fimbo anapita.