Kuchota maandishi yaliyo kati ya mistari miwili ya alama kwa Python

Ukitaka sehemu tu ya faili, ile iliyo kati ya mstari wa MWANZO na wa MWISHO, usikimbilie regex (ruwaza za kutafutia maandishi). Kigeu kimoja cha ndiyo au hapana kinatosha:

```python
ndani = False
with open("data.txt", encoding="utf-8") as faili:
    for mstari in faili:
        alama = mstari.strip()
        if alama == "MWANZO":
            ndani = True
        elif alama == "MWISHO":
            ndani = False
        elif ndani:
            print(mstari, end="")
```

Faili linasomwa mstari mmoja mmoja, kwa hiyo hata likiwa la gigabaiti kadhaa halijazi kumbukumbu. Ukitumia `re.findall`, ambayo ni ya regex, kwa kawaida utalipakia lote kwanza.

Usiache `strip()`. Kila mstari huja na `\n` (alama ya mstari mpya) mkiani, na bila kuiondoa ulinganisho haufaulu. Wala Python haitalalamika, utapata ukimya tu. (Hiyo hiyo `\n` ndiyo sababu ya `end=""`, la sivyo mistari mitupu itajipenyeza.)

Vipande vikiwa vingi, vyote vitatoka. Ukitaka cha kwanza pekee, ongeza `break` chini ya `ndani = False` ya pili. Ila MWISHO ukikosekana, utamwagiwa kila kitu hadi mwisho wa faili. Ukitoka kwenye kitanzi `ndani` bado ni `True`, ujue alama ya kufunga haipo.