Namna ya Kuandaa Filamu ya Maisha ya Mpiga Picha wa Vita Anayeishi Kigoma

Ukitaka kuandaa filamu kuhusu mpiga picha wa habari aliyepitia vita vya Burundi au Kongo na sasa anaishi Kigoma, anza kwa kukaa naye bila kamera, kwani aliyezoea kuwatazama wengine kupitia lenzi hutambua upesi anapotazamwa. Vibali navyo vishughulikiwe mapema: kurekodi ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, kunahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Mahojiano ndiyo kiini cha kazi. Mpangie mezani picha zake zilizosafishwa, kisha umwombe aeleze alisimama wapi, nani alibaki nje ya fremu, na kwa nini alipiga wakati ule. Maswali ya namna hiyo hutoa ushahidi, ilhali kumwuliza alijisikiaje huleta mara nyingi jibu alilokwisha kulikariri. Akinyamaza, acha kamera iendelee. Akiomba uizime, izime. Mikono yake inaposhika picha irekodiwe kwa karibu, kwani kwa maoni yangu inaeleza mengi kuliko milipuko ya kuazima kutoka kwenye video za watu wengine.

Ukirekodi ufukweni Kibirizi au Ujiji, kinga maikrofoni dhidi ya upepo wa Ziwa Tanganyika.

Wakati wa kuhariri, ficha nyuso za manusura ambao hawajaridhia kuonyeshwa, hasa wenye ndugu waliobaki ng'ambo ya ziwa.