Namna ya Kuamua Mpira Bora Kuwahi Kurushwa na Kenya

Mjadala wa mpira bora wa kriketi ya Kenya huharibika mapema kwa sababu kila mtu hujibu swali lake. Mmoja anamtaja Asif Karim kule Durban, mwingine Collins Obuya pale Nairobi Gymkhana, wa tatu anarudi Pune, India, mwaka 1996. Wote wametaja siku. Hakuna aliyetaja mpira. Na siku moja ina mipira zaidi ya mia mbili, ambayo mingi, hata katika ushindi mkubwa, ni ya kawaida kabisa. Kazi yenu ni kutoka kwenye siku na kufika kwenye mpira mmoja, kisha kuupima.

Anzeni kwa kuandika swali kwenye karatasi kabla mtu hajataja jina. Liwe hivi: mpira mmoja, uliorushwa na Mkenya katika mechi rasmi ya kimataifa, ambao picha yake ipo na sote tunaweza kuiona. Sharti la picha linaumiza, maana linaacha nje mipira mingi mizuri, lakini bila hilo mnashindanisha kumbukumbu, na kumbukumbu huongeza mgeuko wa mpira kila mwaka. Amueni pia kama ni lazima mpira uwe umemtoa mpigaji. Ushauri wangu ni kwamba isiwe lazima. Mpira uliomshinda mpigaji kabisa na kupita unywele mmoja juu ya kijiti anachokilinda unaweza kuwa bora kuliko ule uliopigwa ovyo ukadakwa mpakani.

Kisha tenganisheni zamu ya mrushaji, yaani mipira yote aliyorusha katika mechi, na mpira mmoja. Hapa ndipo watu wengi huteleza, na kisa cha Karim ndicho mfano wake. Tarehe 15 Machi 2003, katika Kombe la Dunia, alirusha ova 8.2 dhidi ya Australia, yaani ova nane za mipira sita na mipira miwili zaidi: ova 6 bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7 tu kwa jumla, wiketi 3, yaani wapigaji watatu aliowatoa. Alikuwa na miaka 39, na akatangazwa mchezaji bora wa mechi ambayo Kenya ilishindwa. Ile ni mipira 50, na ubora wake uko katika kurudiarudia: urefu uleule (mahali mpira unapodunda), mstari uleule (upande unaoelekea), mpigaji hana pa kupumulia. Kama mnatafuta zamu bora, sidhani kama kuna haja ya kubishana sana. Lakini anayesema "Karim" kwenye swali la mpira bora lazima aseme upi kati ya hiyo 50. Ule uliomnasa Ricky Ponting mguu mbele ya wiketi, yaani ukagonga mguu ukiwa njiani kwenda kwenye vijiti? Ule ambao Brad Hogg aliurudisha mikononi mwa Karim mwenyewe? Asipouchagua, hajaleta pendekezo.

Someni karatasi ya alama za mechi kabla ya kufungua picha. Karatasi itawaambia jambo ambalo mtangazaji mara nyingi halisemi: mpigaji anatumia mkono gani. Chukueni Pune, 29 Februari 1996. Kenya ilipata 166, West Indies wakatolewa wote kwa 93. Maurice Odumbe, nahodha, alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15 kwa ofu-spini ya mkono wa kulia. Kwa mpigaji wa kulia, mpira huo huingia ndani kuelekea miguu. Kwa wa kushoto hutoka nje kuelekea slipi, wadakaji wanaosimama kando ya mlinda wiketi. Wawili kati ya watatu aliowatoa, Shivnarine Chanderpaul na Jimmy Adams, ni wa kushoto. Kwa hiyo ukiangalia mipira hiyo, swali si kama iligeuka. Swali ni kama Odumbe aliwavuta waufuate mpira unaowakimbia. Vivyo hivyo kwa Rajab Ali na Brian Lara: mrushaji wa mkono wa kulia akimrushia wa kushoto kutoka juu ya wiketi (mkono unaorusha ukiwa upande wa karibu na vijiti), pembe peke yake tayari inaupeleka mpira mbele ya mwili wa mpigaji, kuelekea kwa mlinda wiketi. Tariq Iqbal aliudaka na Lara akaondoka na 8. Pembe ile ni sehemu ya mpira. Ipeni haki yake, lakini msiiite mgeuko.

Karim naye ni kinyume. Spini yake ya mkono wa kushoto humtoroka mpigaji wa kulia. Ukisikia amemtoa Ponting, mpigaji wa kulia, kwa mguu mbele ya wiketi, ujue kitu cha kukagua: mpira uliogeuka kama kawaida kwa kawaida ungepita nje ya kijiti cha nje, kile kilicho mbali na miguu ya mpigaji, hivyo mara nyingi uamuzi wa namna hiyo hutokana na mpira ulionyooka. Tazameni kama ulinyooka kwa makusudi, yaani mshono wa mpira na vidole vya mrushaji vinaonyesha hivyo, au ulikataa tu kugeuka. Alama zitatofautiana.

Sasa picha. Zimeni sauti. Sauti ya mtangazaji na kelele za uwanja huongeza alama mbili bila nyinyi kujua. Tazameni mara tatu: kwanza kwa kasi ya kawaida, pili polepole mkifuata mpira, tatu polepole tena lakini mkitazama miguu ya mpigaji pekee. Miguu haidanganyi: ikiwa mguu wa mbele ulikwenda na kurudi, mpira ulimdanganya urefu, ikiwa ulikwenda sawasawa na gongo likakosa, mpira ulifanya kazi mwishoni.

Kuna vipimo vya kukariri. Pichi ina urefu wa mita 20.12 kutoka vijiti hadi vijiti, na mstari wa mpigaji uko mita 1.22 mbele ya vijiti, kwa hiyo kati ya mistari miwili ni mita 17.68. Vijiti vitatu kwa pamoja vina upana wa sentimita 22.86, tumieni huo kama rula ya kupimia mgeuko. Gongo halizidi sentimita 10.8 kwa upana, na mpira una kipenyo cha takriban sentimita 7.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayomaliza ugomvi mwingi. Mpigaji akilenga katikati ya gongo, kutoka hapo hadi ukingoni ni kama sentimita 5.4. Mpira ukisogea sentimita 3, bado anaupiga vizuri. Ukisogea kati ya 5 na 9 hivi, unaparaza. Ukizidi 9, unapita gongo bila kugusa. Maana yake, mgeuko wa kutisha unaovuma kwenye picha fupi za mtandaoni mara nyingi haumtoi mtu, isipokuwa umkute ameacha vijiti wazi. Ule uliosogea upana wa vidole vitatu au vinne ndio wenye sumu.

La pili ni wakati. Mpira wa kasi ya wastani, ukidunda mita 6 mbele ya vijiti, hufika kwenye gongo baada ya sekunde 0.15 hivi. Binadamu huhitaji takriban sekunde 0.2 kubadili alichoanza kufanya. Hivyo mpira ulionyooka hewani kisha ukasogea kwa mshono baada ya kudunda hapo hauna dawa isipokuwa bahati. Ule uliopinda mapema, tangu mkononi, mpigaji ameuona njia nzima. Mpeni alama zaidi mrushaji aliyechelewesha.

Kasi mnaweza kuikadiria kwa kuhesabu fremu. Picha nyingi za zamani zina fremu 25 kwa sekunde. Fremu 13 kutoka kuachiwa hadi kwenye gongo ni sekunde 0.52, yaani wastani wa kilomita 122 kwa saa hivi. Kumbukeni huo ni wastani. Kipima kasi cha uwanjani husoma mpira unapotoka mkononi, hivyo chake huwa juu. Na kwa kasi ya 130, mpira husafiri karibu mita 1.4 kati ya fremu moja na inayofuata. Mahali hasa ulipodunda huenda hamtapaona kabisa. Anayesimamisha picha ya 1996 na kutangaza urefu kwa sentimita anabahatisha. Mstari mnaweza kuuamini zaidi kuliko urefu, mradi kamera iwe nyuma ya mrushaji na isiwe imekaa pembeni.

Kwa Obuya mtahitaji jicho la ziada. Tarehe 24 Februari 2003 alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 katika ova 10, na Sri Lanka, wakifukuza 210, wakaishia 157. Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara wote walikuwa wake. Legi-breki yake, spini inayozungushwa kwa kifundo cha mkono, hutoka kwa wa kulia kama Jayawardene, ila kwa Sangakkara, wa kushoto, huingia ndani. Tazameni kifundo cha mkono wakati wa kuachia: mgongo wa kiganja ukimwelekea mpigaji, huo ni gugli, na utageuka upande wa pili. Linganisheni na mpira mmoja au miwili iliyotangulia. Mtego huandaliwa, mipira miwili inayotoka nje kisha mmoja unaonyooka ni kazi moja, na picha iliyokatwa ikaacha wiketi peke yake imewanyima nusu ya ushahidi. Tafuteni ova nzima.

Toeni alama kati ya 20. Mpira wenyewe 10: mstari, urefu, kuchelewa kwa mgeuko. Maandalizi 4. Ubora wa mpigaji 3. Hali ya mchezo 3. Msizidishe mbili za mwisho, ingawa kishawishi kipo. Lara anastahili 3 kamili, kwani mwaka 1994 alikuwa amepata 375 dhidi ya Uingereza na 501 bila kutolewa akiichezea Warwickshire. Na 167 za ushindi hazikuwa mlima kwa West Indies akiwa bado uwanjani, basi hali ya mchezo nayo ipewe 3. Hizo ni 6. Zilizobaki 14 lazima zitoke kwenye mpira na mtego wake, na hapo jina la Lara halisaidii. Kama aliufukuza mpira kwa gongo kwa pupa, mpira upate 5 au 6, si 9, hata kama moyo unauma.

Kosa lingine ni kuhukumu maamuzi ya zamani kwa macho ya sasa. Mwaka 1996 na 2003 hakukuwa na utaratibu wa timu kuomba uamuzi upitiwe upya. Kwa mguu mbele ya wiketi, kagueni mambo matatu wenyewe: haukudunda nje ya kijiti cha upande wa miguu, uligusa mguu mbele ya vijiti, isipokuwa kama mpigaji hakujaribu kuupiga, na ulikuwa unaelekea vijiti. Ukiwa na shaka kwenye la tatu, punguza alama 2, usiufute.

Kikao chenyewe kiwe cha watu watano hadi saba, kila mmoja na mapendekezo mawili yasiyozidi. Kila mtu aandike alama zake kimya kabla ya mazungumzo, maana sauti kubwa ya kwanza huwavuta wengine. Ondoeni alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila mpira, kisha tafuteni wastani wa zilizobaki. Mipira miwili ikitoshana, ulizeni hivi: mpigaji yuleyule akiambiwa mapema mpira gani unakuja, angeupiga? Ambao jibu lake ni "hapana" ndio unaopita, na karatasi za alama ziwekwe pamoja na tarehe, kwa sababu mtu atauliza tena.